Uzito wa Kutu

Mfua chuma mmoja wa milima ya Upare, jina lake Mbonea, alikuwa na fundisho la marehemu baba yake, naye alilipenda kuliko nyundo zake zote. Kila masika yalipokaribia, mzee yule alimketisha karibu na moto, wakapaka majembe mafuta ya nyonyo, akamweleza kwamba kutu hukimega chuma kidogo kidogo mpaka kiwe chepesi. Miaka arobaini ilipita. Harufu ya nyonyo ikimfikia tu, Mbonea alikuwa akiisikia sauti ile.

Binti yake, Nakunda, alikuwa mpimaji katika ghala la kahawa. Siku moja aliomba wayapime maneno ya babu. Walipima chenga za chuma, wakaziacha kwenye bakuli barazani, mahali pasiponyeshewa, masika yote. Zilipokuwa nyekundu walizikausha juani, wakazipima tena. Uzito ulikuwa umeongezeka. Mbonea alisema mizani ni mbovu. Wakaazima nyingine, nayo ikasema vilevile.

Alikaa siku mbili bila kuwasha tanuru. Alijiona kama anamzika baba yake mara ya pili. Mwishowe alimwuliza binti yake kama babu alikuwa mwongo.

“Hapana, baba,” Nakunda akasema. “Babu alisema alichokiona: kutu ikibanduka, jembe hupungua. Ila chuma hakiliwi. Chenyewe ndicho kinachokula hewa, maana hakuna kingine kilichokigusa.”

Mbonea alilipokea neno hilo kwa uchungu, akaanza kuwafundisha hivyo waliokuja kujifunza kwake. Lakini kiangazi kilipokwisha, alimpelekea Nakunda chenga nyingine, zilizokaa wazi miezi mitano kando ya tanuru, pakavu. Hewa ilizigusa usiku na mchana, na hazikushika kutu. Nakunda alizigeuza kiganjani kwa muda mrefu, kisha akakiri kwamba naye aliona nusu tu: hewa bila unyevu haitoshi.

Baba hakumcheka. Alivuta kigoda, wakaketi wote wawili wakipaka majembe mafuta, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya mizani alimsimulia habari za babu yake bila kuona haya.

Basi ninyi mliofundishwa na watu waliowapenda, mnawaheshimu kwa kuyafungia maneno yao, au kwa kuyapima?