Ngumi za Kiboko na Swali la Pimbi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakifua nguo zao na kuzianika kama sisi, palikuwa na bwawa moja tu la maji matamu. Na bwawa hilo lilikuwa na mwenyewe. Mwenyewe alikuwa Kiboko.

Nani alimpa? Ngumi zilimpa! Kila mwaka wanyama walipigana ngumi, na bingwa ndiye aliyekabidhiwa bwawa. Kiboko alishinda mwaka wa kwanza, akashinda wa pili, akaendelea kushinda mpaka mkanda wa ubingwa ukawa haumtoshi tumboni, ikabidi uungwe kamba.

Sasa, bingwa mwenye adabu angewaachia wenzake nao wachote. Huyu wapi! Alfajiri anaingia bwawani, chubwi! Anagaagaa, anatibua tope, na mengine anayoyafanya humo sitayataja mbele yenu. Jioni akitoka kwenda kula majani ndipo anapowaambia wenzake, "Haya, choteni!"

Wachote nini? Uji wa udongo!

Kilimani, kwenye mawe, alikaa Pimbi. Mnamjua Pimbi? Yule mdogo wa kahawia, hana mkia, kutwa anaota jua. Alikuwa na mume na watoto mapacha, na mapacha walikuwa wakiumwa matumbo kwa maji yale ya tope. Walilia usiku kucha, na Pimbi akaona basi, imetosha. Asubuhi akajitwika mtungi, akateremka bwawani, akautua ukingoni.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Unataka nini asubuhi yote hii?"

"Maji safi, mtungi mmoja tu, kabla hujaingia. Watoto wanaumwa."

"Maji safi ni ya bingwa."

"Hata mtungi mmoja?"

Kiboko aliinua mguu, akaukanyaga mtungi. Kacha! Vipande huku na huku.

"Anayetaka maji safi," akasema, "apande ulingoni."

Mtungi ule Pimbi alipewa na mama yake siku ya harusi. Mimi ningelia pale pale, siwafichi. Pimbi alimtazama Kiboko usoni.

"Sawa. Lini?"

"Ati?"

"Ulingoni. Lini?"

Kiboko alicheka mpaka bwawa likafurika. "Wewe? Ho! Ho! Ho! Haya, keshokutwa, siku ya gulio. Saa mbili asubuhi! Nikumalize jua halijawa kali, nirudi zangu majini."

"Saa mbili hiyo hiyo," Pimbi akasema, akaokota vigae vyake akaenda zake.

Nyumbani mumewe alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mama Watoto! Yule atakufanya chapati!"

"Wewe koroga uji. Hebu niambie, Kiboko anashinda majini kwa nini?"

"Anayapenda."

"Hapana. Ngozi yake haiwezi jua. Na mimi je?"

"Wewe jua ni blanketi lako. Lakini mke wangu, pambano ni saa mbili, jua lenyewe bado changa. Ngumi moja, umekwisha!"

"Hiyo ngumi moja ndiyo nitakayoichelewesha," Pimbi akasema, na mumewe akaendelea kukoroga uji.

Siku ya gulio ikafika. Aliyekuja kuuza nyanya aliziacha nyanya, aliyekuja kununua alizunguka kiwanja kutafuta pa kusimama. Ulingo ulikuwa katikati ya kiwanja, wazi kabisa, hauna hata tawi la kivuli. Refa alikuwa Mzee Kobe, amevaa tai.

Ulingo ule ulikuwa na desturi zake, nanyi zisikilizeni vizuri. Kabla ya kengele, mabondia hujigamba. Ukiitaja ngumi, sharti uionyeshe, watu wasije wakadanganywa. Mpinzani wako akikuuliza swali, kengele haipigwi mpaka umelijibu. Na anayeshuka ulingoni kabla ya pambano kwisha, ameshindwa.

Kiboko akapiga kifua. Du! Du! "Mimi ndiye mwenye bwawa! Nimeangusha kumi na wawili, na hakuna hata mmoja aliyeamka kabla ya kuhesabiwa kumi!"

"Uwiii!" kiwanja kizima kikapiga yowe.

"Pimbi," akasema Mzee Kobe, "jigambe."

"Mimi sina cha kujigamba, mzee wangu. Nina swali tu, nisije nikafa bila kujua. Bwana Kiboko, kati ya ngumi zako zote zilizoangusha watu, ipi ilikuwa kubwa kuliko zote?"

Kiboko akatabasamu mpaka meno yote yakaonekana. "Ipi tena? Ile ya Nyati!"

"Onyesha! Onyesha!"

Kiboko akarudi nyuma hatua tatu, akajizungusha, akaachia ngumi ya hewani. Twaaa! Vumbi likaruka.

Nyati akasimama pale alipoketi, kifua mbele. "Kweli kabisa! Nililala tangu asubuhi mpaka watu wakaanza kunichimbia kaburi!" Alivyoyasema, ungedhani anataja siku aliyooa.

"Kaa chini wewe!" Nyani akaruka juu ya kiti. "Ile ya kwako ilikuwa ya kitoto! Mimi nilipigwa Jumatatu nikaamka Alhamisi, nikauliza chakula cha Jumatatu kiko wapi!"

"Onyesha ya Nyani!"

Kiboko akaonyesha ya Nyani, ile ya kutokea chini kwenda juu. Vuuup!

"Jamani, niacheni na mimi niseme," Twiga akasema kutoka juu huko. "Mimi nilipopigwa, miguu ilianguka kwanza. Shingo ikafuata. Watu wakaenda kunywa chai, wakarudi, ndipo kichwa kikafika chini. Kuna ngumi kubwa kuliko hiyo?"

"Onyesha ya Twiga!"

Ya Twiga ilikuwa ya kuruka. Na Kiboko, na lile tumbo, akaruka. Bwaa! Mbao za ulingo zikalia.

"Basi ni ya Twiga," akasema, akihema.

"Ati nini?" Nyati akafoka. "Yangu hukuionyesha sawasawa! Umetumia mkono wa kulia. Ulinipiga kwa kushoto!"

"Kulia!"

"Mimi ndiye niliyepigwa, nisijue?"

"Jamani, msigombane," Pimbi akasema kwa upole. "Bwana Kiboko atarudia. Na hawa wa upande wa nyuma nao hawakuona. Au sivyo, wa nyuma?"

"Hatukuona!" wa nyuma wakaitikia, hata wale walioona.

Kiboko akarudia kwa kushoto. Akarudia kwa upande wa nyuma. Ngiri akasema yeye alipigwa mbili, si moja, na ya pili ndiyo yenyewe. Akaonyeshwa zote mbili. Fisi akasema yake ilimnyamazisha kicheko wiki nzima, na mkewe Fisi akaitikia kuwa ni kweli, wiki ile alilala vizuri.

Mngeuliza, kwa nini asitaje jina moja, akakaza hapo, yakaisha? Angeweza! Lakini kila walipogombea ngumi zake, masikio yake madogo yalicheza kwa raha. Alinogewa, akataka kusikia tena.

Saa tatu. Saa nne. Saa tano. Saa sita. Jua likapanda, likasimama juu ya ulingo kabisa. Pimbi alikuwa kwenye kigoda chake pembeni, amefumba macho, amejinyoosha. Raha mustarehe.

Ngozi ya Kiboko ikaanza kukaza. Jasho jekundu likamtoka.

"Refa," akanong'ona, "maji kidogo."

"Maji ni baada ya raundi ya kwanza," akasema Mzee Kobe. "Raundi haijaanza. Wewe hujajibu swali."

"Ya Twiga."

"Hiyo ulishasema, ukarudi kwenye ya Nyati."

"Ya Twiga! Ya Twiga! Ya Twiga, jamani, piga kengele!"

Ngeee!

Kiboko akainua mkono. Jamani, ulikuwa mzito! Akautupa. Vuu! Pimbi alikuwa ameshasogea hatua moja. Akautupa mwingine. Vuu! Huo ukamvuta mwenyewe, akazunguka mara mbili, akasimama akiyumba, macho yametazamana.

Pimbi akapanda juu ya kigoda. Akanyoosha mkono wake mdogo wenye glavu, akamgusa puani.

Ti.

Si twaa, si bwaa. Ti tu, kama unavyombofya mtoto pua.

Kiboko akasema "Eh." Kisha akaenda chini, GUBUUU! Kanga wote wakaruka, nyanya za gulio zikabiringika mpaka barabarani.

Mzee Kobe akaanza kuhesabu. "Mo-o-o-ja..." Mnamjua Kobe. Kati ya saba na nane Twiga alikwenda kununua karanga, akarudi. Kiboko hakutikisa hata sikio.

"Ku-u-u-mi!"

Kelele zilizopigwa siku ile! Lakini Pimbi hakukaa kushangiliwa. "Nani ana mtungi? Nipeni mtungi, haraka!" Akakimbia bwawani, akachota, akaja akammwagia Kiboko kichwani. Akarudi akachota tena, na tena, na mumewe akamsaidia, mpaka jicho moja likafunguka.

"Nimepigwa na nini?" Kiboko akauliza.

"Na ile ya Nyati," Pimbi akasema, "na ile ya Nyani, na ya Twiga, na zile mbili za Ngiri. Mimi nimemalizia tu."

Kiboko akafikiri muda mrefu, maana alikuwa mzito wa kufikiri. Kisha akaanza kucheka taratibu, maji yakimtiririka mashavuni. Hata Pimbi akacheka.

Bwawa sasa lilikuwa la Pimbi, na tangu siku hiyo likawa na utaratibu mpya. Alfajiri wanachota wote, wakubwa kwa wadogo, na wa mwisho akishajitwika mtungi wake ndipo Kiboko anaingia. Chubwi! Mapacha walipona matumbo, wakanenepa. Na asubuhi moja Pimbi alikuta mtungi mpya mlangoni, mkubwa, mzuri, na njia nzima ya kilimani imejaa nyayo za nani? Mmejua wenyewe.

Siku ya gulio lingine, Nyati, Nyani na Twiga walikuwa wamekaa palepale wakibishana yaleyale. Kiboko akaja, wakamsogezea nafasi kwenye benchi, akakaa nao.

"Nyamazeni nyote," akasema. "Ngumi kubwa kuliko zote zilizowahi kupigwa kwenye ulingo huu ni ile ya Pimbi. Niliiona inakuja, nikashindwa kuikwepa!"

"Onyesha!" wakampigia kelele. "Onyesha!"

Kiboko akainua macho taratibu, akalitazama jua.

"Jioni," akasema.

Funzo lake, wanangu, ni hili: ukizimaliza nguvu zako kwa kujisifu, saa ya kazi utazitafuta usizione.

Nami hadithi yangu nimeionyesha mara moja. Wa nyuma mkisema hamkuiona, shauri yenu.