Figa la Tatu la Nakijwa

Paukwa!
Pakawa!
Jiwe?
Limekaa!
Likikaa?
Ukuta umesimama!

Sogeeni wanangu, wewe kaa ubavuni hapa, na wewe huku, maana hadithi hii hata mimi naiogopa, basi niiseme upesi iishe.

Hapo kale, juu ya kilima, palikuwa na mji wa mawe uliohamwa. Kuta zake zilipangwa jiwe juu ya jiwe, bila udongo, bila chokaa, kila mwanya umebanwa kwa kijiwe. Watu walipanda kuutazama, na desturi ilikuwa hii: kwenda, unakwenda na kijiwe ukakipachike, kurudi, unarudi mikono mitupu. Kwa nini? Aa, vijana walishasahau.

Chini ya kilima palikuwa na kijiji, na humo mwanamke aitwaye Nakijwa. Siku moja figa lake la tatu likapasuka. Mumewe yuko mbali machungani, chungu kimepinduka, uji wote chini, na mtoto Mbonea analia mgongoni. Mawe ya mtoni hulipuka motoni, hayafai. Ng'ambo ya ua palikuwa na jiko la mama mkwe wake, lakini Nakijwa aliona haya kuomba. Basi akapanda kilimani.

"Moja tu," akasema. "Moja tu, kwani yako mangapi hapa!"

Akavuta jiwe. Ukuta ukalia kwacha! Mbonea naye akanyoosha mkono, akanyakua kijiwe kilichokuwa kimelibana, akakifumbata.

Mama yake akacheka. "Haya, nawe umepata chako." Tangu hapo mtoto hakukiachia, hata usingizini.

Kesho yake, chungu kinachemka, tazama, Zimwi mlangoni! Kucha kama majembe, jicho moja kama ungo.

"Ahsante, Nakijwa! Wazee wako walinifungia, wewe umenifungulia. Nina njaa!" Akala mbuzi.

Siku ya pili: "Ahsante, Nakijwa! Nina njaa!" Akala ng'ombe.

Siku ya tatu: "Ahsante, Nakijwa! Nina njaa, na zizi lako tupu! Kesho niletee kilimani huyo wa mgongoni. Usipomleta, nashuka nakula kijiji kizima, na yeye ndiye kitoweo!"

Nakijwa akakimbilia kwa mama mkwe wake, akamweleza habari za Zimwi.

"Mkwe wangu, ulitoa jiwe?"

"Moja tu, mama."

"Moja tu! Na ule ukuta ulijengwa kwa mangapi mangapi? Si kwa moja moja? Mimi niko hapo uani, mbona hukuniomba?"

"Niliona haya, mama."

Bibi akaguna, akamfungia vijiwe viwili kwenye pindo la kanga. "Aliyetoa ndiye hurudisha. Lakini Zimwi awe ndani kwanza. Na mtoto mchukue, asipomwona hatakusikiliza. Nenda, mwanangu. Hata zimwi ana kwao."

Basi Nakijwa akapanda, figa lile kichwani, Mbonea mgongoni. Zimwi alikuwa nje, anajilamba.

"Lete!"

"Babu, mimi ni mgeni. Nitapigaje hodi nawe uko nje? Mgeni uani, mwenyeji uani, adabu gani hiyo?"

Zimwi akaona aibu. Tangu azaliwe hajapigiwa hodi, watu walimkimbia tu. Akajinyoosha kama moshi, akapenya kwenye tundu lililoachwa na lile jiwe.

"Hodi!"

"Karibu!"

"Babu, uko mlangoni. Mwenye nyumba hukaa ndani." Zimwi akarudi nyuma.

"Hodi!"

"Karibuu!"

"Bado, babu. Nasikia pumzi zako." Zimwi akazidi kuingia ndani.

"Hodi!"

"Karibuuu..." Mbaaali.

Pu! Nakijwa akalisukuma figa tunduni. Likacheza. Akapachika kijiwe cha kwanza, likacheza. Akapachika cha pili, bado likacheza.

"Mgeni, mbona huingii?" Vishindo vinakuja, ti, ti, ti.

"Naja babu, nanawa miguu!"

Akapapasa pindo, tupu. Akatazama chini, nyasi tu. Ndipo akakumbuka ngumi ya Mbonea.

"Nipe, mwanangu."

Mtoto akagoma.

"Nipe, nitakupa muwa!"

Mtoto akakaza. Ti, ti, ti! Mama wa watu, machozi yanamtoka, akamtekenya kwapani. Mbonea akacheka kwa! kwa! Ngumi ikafunguka. Kijiwe kikaingia mahali pake hasa, na jiwe likakaa.

Kimya.

Nakijwa akashuka mikono mitupu. Akamkuta mama mkwe wake amekwisha kubandika chungu kikubwa.

"Figa lako halipo, basi lete unga wako huku. Tutapika jiko moja."

Wakala, wakashiba, na kila mavuno kijiji kizima kikapanda kilimani, wazee kwa watoto, kila mmoja na kijiwe chake.

Hadithi yangu imeishia hapo, na jiwe limekaa hapo. Mwenye shida aombe, asione haya. Na moja tu hubomoa, moja tu hujenga. Kesho nasi tunapanda, wanangu, kwa hiyo kila mtu atafute kijiwe chake mapema.