Raketi ya Mwalimu Sengondo

Kama kwenye kundi hili yupo mtu aliyewahi kununua kitu kwa sababu ya maneno ya kwenye sanduku, hadithi hii ni yake. Asikasirike. Aisome mpaka mwisho, kisha ampelekee mwenzake.

Katika mji mmoja kulikuwa na klabu ndogo ya padeli. Asiyeujua mchezo huu aelewe hivi: watu wanne, wawili kila upande wa wavu, wanacheza ndani ya uwanja uliozungushiwa kuta za vioo. Raketi yake haina nyuzi, ni bapa lenye matundu. Mpira ukishadunda chini, unaweza kugonga kioo ukarudi, na bado unachezwa.

Mmoja wa wanachama alikuwa Mwalimu Sengondo, anayefundisha jiografia. Alicheza pamoja na shemeji yake Hamduni, kaka wa mkewe. Kila mwaka klabu ilipeleka jozi moja tu kushindana na klabu ya mji wa jirani, na kwa miaka miwili Sengondo na Hamduni walikwenda kama washangiliaji, wakabeba maji ya wenzao. Mwaka huu Sengondo alikuwa ameapa kwamba maji yatabebwa na mwingine.

Basi mwenye duka moja la vifaa vya michezo akaiazima klabu raketi mpya, waijaribu kwanza ndipo waamue kuinunua. Klabu hiyo ilikuwa na desturi yake. Mwanachama mmoja hukitumia kifaa kwa wiki nzima, na Jumamosi, wakati wa chai na vitumbua, husimama mbele ya wenzake akakieleza. Lakini anayesema mwisho si yeye. Wanaosema mwisho ni wale waliocheza dhidi yake. Klabu ikikikubali kifaa, aliyekijaribu ndiye hukaa nacho.

Safari hii mwenyekiti, Mzee Lusekelo, alimkabidhi Mwalimu Sengondo. Akaongeza kwamba Jumamosi hiyo hiyo, chai ikiisha, atataja jozi itakayosafiri.

Sengondo aliisoma ile karatasi ya kwenye sanduku mara tatu. Ilisema raketi ina umbo la almasi, uzito wake uko kichwani, uso wake ni mgumu, inatoa nguvu kuliko kawaida, na ni ya wachezaji wa daraja la juu.

"Daraja la juu ni nani hapa?" Hamduni akauliza.

"Sanduku limekuja kwangu, shemeji."

Hamduni akaligeuza sanduku huku na huku, akatafuta palipoandikwa jina la Sengondo. 

Jumatatu walicheza na Bi Arafa, nesi mstaafu wa miaka sitini na mmoja, na mwenzake Mama Eliwaza, fundi cherehani. Mpira wa kwanza uliopanda juu, Sengondo alivuta mkono nyuma akaubamiza. Ulilia kama bati lililoanguka kutoka darini. Watu wa uwanja wa pili wakageuka. Mpira ulidunda, ukagonga kioo cha nyuma, ukarudi mpaka katikati ya uwanja, umepoa, uko usawa wa kiuno. Bi Arafa alikuwa anausubiri hapo, mkono mmoja kiunoni. Akausukuma katikati ya wanaume wawili, ukapita.

"Umesikia ule mlio?" Sengondo akamwuliza shemeji yake.

Hamduni alisema ameusikia, na ameiona na pointi ikienda.

Jioni Sengondo alifungua daftari lake. Akaandika: Nguvu, kumi juu ya kumi. Mlio, kumi juu ya kumi. Safu ya tatu akaiacha wazi, maana hakukumbuka kitu kingine cha kupima.

Siku zikaenda hivyo hivyo. Alibamiza, kioo kikarudisha, wanawake wakasukuma. Jumatano mpira mmoja uligonga kioo kwa nguvu hata ukaruka juu ya wavu na kurudi upande wa Sengondo mwenyewe, nao haukushikika. Katika padeli hiyo ni pointi ya haki, na ni pointi ya kifahari. Sengondo aliisimulia kwa kinyozi, akaisimulia kwa mwalimu mkuu, akaisimulia kwa mkewe mezani mpaka mkewe akamwomba apitishe mchuzi. Siku hiyo hiyo mpira mwingine ulimpata Hamduni mgongoni, lakini huo hakuusimulia.

Alhamisi kiwiko kilianza kuuma. Raketi ngumu humtetemesha mtu mpaka kwenye mfupa. Darasani aliuchora mlima Meru kwa mkono wa kushoto, ukaonekana kama njia ya siafu. Chai pia aliinywa kwa kushoto, akieleza kwamba mkono wa kulia anautunza kwa ajili ya safari.

Jumamosi ikafika. Sengondo akasimama na daftari lake. Alizungumza vizuri, maana ni mwalimu. Alieleza umbo, alieleza uzito, alieleza nguvu. Akamaliza kwa kusema kwamba klabu isiyo na raketi ile imebaki nyuma. Hakutaja nani alishinda wiki hiyo, na hakuna aliyemwuliza.

Mzee Lusekelo akawageukia wanawake wawili. Sengondo alijiandaa. Alijua watasema ni nzito, ni ya fujo, klabu isinunue. Majibu yote alikuwa nayo tayari.

Bi Arafa akasimama, akafuta sukari ya kitumbua vidoleni.

"Mwenyekiti, raketi hii ni nzuri mno. Tunaomba Mwalimu apewe. Tena apewe leo."

Mama Eliwaza akadakia kwamba wakiweza wampe mbili, moja ya akiba.

 Majibu yote aliyoyaandaa Sengondo yalikuwa ya ubishi, na hapakuwa na wa kubishana naye.

Mzee Lusekelo akauliza wameona uzuri gani.

"Sisi hatukimbii tena," akasema Mama Eliwaza. "Anabamiza, tunasimama, kioo kinatuletea. Wiki hii nimecheza na viatu ninavyovaa nikishona. Lakini zamani, baba, tulikuwa tunakoma. Alikuwa na mpira wake mmoja wa taratibu, anaurusha juu, unakwenda kufia kwenye kona kule nyuma. Bi Arafa alikuwa anaota ule mpira."

"Mara mbili nimeuota," Bi Arafa akakubali. "Nilikuwa najiuliza, siku huyu mwalimu akijua alichonacho, sisi tutakwenda wapi?"

Watu walicheka mpaka vikombe vikacheza. Sengondo hakucheka. Ule mpira wa taratibu yeye aliuona ni aibu. Aliupiga kila alipokosa nguvu ya kupiga mwingine, na kila alipoupiga aliomba watu wa uwanja wa pili wasiwe wanatazama.

Mzee Lusekelo akasubiri kelele ziishe. "Mwalimu, tuinunue?"

Sengondo akatazama daftari lake. Kurasa tano za nguvu na mlio. Angeweza kusema ndiyo, raketi ingebaki kwake, naye angeendelea kubeba lile jina la daraja la juu. Kiwiko kikamchoma.

"Inunueni," akasema. "Ni raketi nzuri. Ila si yangu. Inamtaka mtu ambaye ameshajua mpira uende wapi. Mimi nilitaka uende tu."

 Kisha Bi Arafa akanyoosha mkono, akasema kama ni hivyo, alete aione. Wakatoka nayo uwanjani. Mama Eliwaza akamrushia mpira wa juu. Bi Arafa hakuvuta mkono nyuma sana. Aliupiga mara moja, mlio mdogo, mkavu. Mpira ukadunda, ukagonga kioo, ukapaa ukatoka nje juu ya ukuta wa pembeni, na katika padeli hiyo nayo ni pointi ya aliyepiga. Akaipima raketi mkononi, akatikisa kichwa taratibu kukubali, kama aliyeonja chumvi ikamtosha.

Sanduku halikuwa limesema uongo. Mchezaji wa daraja la juu alikuwepo, alikuwa upande wa pili wa wavu wiki nzima.

Mzee Lusekelo akataja jozi ya kusafiri: Bi Arafa na Mama Eliwaza, na raketi iende nao. Sengondo akapiga makofi pamoja na wengine, kwa uangalifu, kwa sababu ya kiwiko.

Hamduni akamsogelea.

"Mkono vipi, shemeji?"

"Unauma."

"Na moyo?"

"Huo nao upe siku mbili. Jumatatu njoo mapema, nataka nirushe ile mipira ya taratibu mpaka nione imekuwa mia."

Funzo: Kabla hujahangaika kutafuta nguvu ya mwingine, waulize wanaoshindana nawe wanachokiogopa kwako, huenda ndicho kile kile unachokionea aibu.