Macho ya Mbonea

Mwanamke mmoja alikuwa na watoto wawili, na wa kwanza akafa. Mwanamke huyo alibatizwa kwa jina la Namsifu, lakini kijijini tulimwita Mama Mbonea, kwa jina la mwanawe huyo wa kwanza, na hata tulipokwisha kumzika Mbonea hatukuacha kumwita hivyo. Mtoto wa pili alikuwa msichana wa miaka minane. Jina lake lilikuwa Nakiete. Naomba mlikumbuke jina hilo, kwa kuwa ulikuwako wakati ambapo nyumbani kwao halikutajwa.

Kando ya zahanati palikuwa na chumba ambamo wanawake wenye mioyo mizito walikutana kila Alhamisi mchana kutarizi. Muuguzi, Bi. Elikunda, aliwagawia vipande vya kitambaa cha marekani na nyuzi, na kila mmoja alishona kile kilichomwelemea, bila kuulizwa neno. Kanuni ilikuwa moja tu. Kila baada ya saa moja, kila mwanamke alimpa jirani wa kulia kitambaa chake, naye jirani akaongeza mishono yake. Hivyo hapakuwa na huzuni iliyoshonwa na mkono mmoja.

Mama Mbonea alikuja Alhamisi mbili. Alianza kuutarizi uso wa mwanawe, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko mikono yote mle ndani. Saa ya kupokezana ilipofika alikikumbatia kitambaa. Jirani yake, Bi. Naetwe, akamtania, "Lete, mwenzangu, simng'oi pua." Wengine walicheka. Yeye hakucheka. Alikikunja kitambaa, akatoka, na Alhamisi ya tatu hakuonekana.

Akawa anashona nyumbani, mlango umefungwa. Uzi mwekundu ulipokwisha, alifumua sweta ya Nakiete ili apate shati la Mbonea. Kule kwetu milimani ni baridi. Mtoto akaenda shule akitetemeka. Uzi mweusi ulipokwisha, alimnyoa Nakiete, akazisokota nywele zake, akazitunga kwenye sindano. Nywele za Mbonea zikaota kitambaani.

Kadiri yule wa kitambaani alivyojaa, huyu wa nyumbani alipungua. Mwalimu aliita majina ya darasa akaliruka la Nakiete, wala hakujua kwamba ameliruka. Mwanamke aliyepeleka maziwa aliona nyuso mbili dirishani, akausalimu ule wa mvulana, na alikuwa amekwisha kufika njia panda alipokumbuka kwamba Mbonea yuko kaburini. Mama mwenyewe alimwita msichana kwa jina la kaka yake. Mwanzoni Nakiete alinyamaza. Baadaye akawa anaitika.

Yalibaki macho. Mama alijaribu nyuzi zote za kahawia, hakuna uliolingana. Alhamisi moja, adhuhuri, alimvuta mtoto karibu, akamshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga, akayatazama macho yake kwa muda mrefu, sindano ikiwa mkononi. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama tangu mazishi. Nakiete hakuogopa. Alifurahi kutazamwa. Akauliza kwa upole, "Mama, na mimi nikifa utanishona?"

Sindano ikaanguka. Mama alifungua kinywa amwite mtoto wake, na jina halikuja. Aliketi sakafuni akalitafuta, akapata Mbonea, akalitafuta tena, akapata Mbonea; na mtoto amesimama mbele yake, anangoja.

Basi akamshika mkono, akachukua kitambaa, akaenda hadi chumba cha kushonea. Mbele ya wanawake wote aliuliza mtoto huyu anaitwa nani. Hakuna aliyecheka. Walitazamana, na wengi wao waliinamisha macho, kwa kuwa nao walikuwa wamelisahau. Bi. Elikunda, aliyempokea mtoto siku alipozaliwa, ndiye aliyelitamka.

Ndipo mama akakiweka kitambaa mapajani mwa Bi. Naetwe. Kilizunguka chumba kizima. Macho yakashonwa na mikono tisa, jicho moja kubwa, jingine limekaa upande, na kitambaa kilipomrudia mwenyewe, uso ule ulikuwa uzi na marekani, wala haukumtazama mtu. Mama alilia kama siku ya msiba. Nakiete alikuwa ameegemea mgongo wa mama yake, amepata joto, amelala. Ilichukua majuma mengi kabla mtoto hajaanza kuitika anapoitwa kwa jina lake.

Nawauliza ninyi mliozika: nyumbani kwenu ni nani anayengoja kufa ndipo atazamwe?