Panya Buku Aliyeambiwa Hakufaa

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na mashamba na watumishi kama sisi, alikuwako mjane mmoja, Panya Buku. Shimo lake lilikuwa limebomoka, masika yalikuwa yanabisha hodi, na watoto hawakuwa na pa kulala. Buku alitaka kazi yenye chumba kikavu. Hicho tu, wanangu.

Kazi zote zilipitia kwa Ngedere. Yeye alikuwa wakala: alikaa njia panda kwenye kiti cha kamba, koti begani, maneno matamu mdomoni, na bila yeye humwoni tajiri yeyote.

"Mzee Kiboko anatafuta mchimbaji wa ghala la mahindi," Ngedere akamwambia. "Chumba kipo. Ila kwanza utajaribiwa, kutwa nzima. Ukifika, inamisha kichwa na usiulize maswali."

"Na nikifaa?"

"Hilo ni swali, Bi Buku."

Njiani Buku akakutana na Nungunungu anachechemea. Huyo naye alikuwa ametoka kujaribiwa. Alipalilia kutwa, na jioni akaambiwa hakufaa. Kabla yake Mhanga alichimba mitaro, hakufaa. Kobe alichota maji, hakufaa. Hakuna aliyewahi kufaa, na shamba la Kiboko lilikuwa linang'aa! Ngedere kila jioni alikuwa hapo uani, anatafuna mahindi ya ahsante.

"Rudi nyumbani, dada," Nungunungu akamshauri.

Buku alishikwa na hasira hadi masharubu yakamtetemeka. "Sirudi. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Niache nikajaribiwe."

Akaenda, akachimba, kwaru kwaru kwaru, chini ya mwamba mkubwa wa uani. Juu akaacha tundu jembamba la kumiminia mahindi. Tundu likateremka, likakata kona, likaingia chini kabisa ya mwamba, na huko akapanua ghala, na pembeni yake kijichumba chenye kijimlango cha kutokea upande wa pili wa mwamba. Njia nzima ilikuwa ya kipimo cha mwili wake.

Jioni Kiboko akachungulia, akakohoa. Alisema kazi si mbaya, lakini kwa bahati mbaya hakufaa. Ngedere akatikisa kichwa kwa masikitiko, shavu limejaa, akaahidi kumtafutia kwingine.

"Ahsanteni," Buku akasema. Kichwa hakukiinamisha.

Kiboko akamimina mavuno yote. Poro poro poro, mahindi yakateremka, yakakata kona, yakapotelea chini ya mwamba.

Njaa ilipomshika, Kiboko akaleta pua yake, haikupita. Akausukuma mwamba, ukamtazama tu. Akamwita Ngedere. Ngedere akapenyeza mkono hadi kwapani, akapata punje zilizokwama konani, akazikamata konzi nzima. Sasa ngumi haikutoka, na kuziachia hakutaka. Akabaki amelala kifudifudi, koti limejaa vumbi.

Ikabidi Buku aitwe. Akaja taratibu, watoto nyuma yake.

"Ingia ututolee mahindi," Kiboko akaamuru.

"Mimi? Mimi sikufaa, mzee."

Kiboko akameza mate. "Tulikosea, Bi Buku. Kazi ni yako."

"Ngoja kwanza. Leo mnajaribiwa ninyi. Nungunungu, Mhanga na Kobe waitwe, waajiriwe, kila mmoja na chumba chake. Mimi changu nimeshajichimbia. Na tangu leo anayetaka kazi hapa aje kwako mwenyewe, bila mtu katikati. Jioni nitatazama kama umefaa."

Kiboko alifura, akanguruma hadi ndege wakaruka. Buku akakaa chini, akaanza kumchana mwanawe manyoya. Tumbo la Kiboko nalo likanguruma, kuliko mwenyewe. Kabla jua halijazama, wote watatu walikuwa na kazi.

"Na mimi je?" Ngedere akalia kutoka tunduni.

"Hilo ni swali, Bwana Ngedere," akasema Buku, akapita njia yake ya upande wa pili kuingia ghalani, kumtolea Kiboko mahindi.

Ngedere aliachia mahindi usiku ule, akaondoka mikono mitupu. Masika yakaingia, na watoto wa Buku wakalala pakavu chini ya mwamba.

Hadithi yangu naiachia hapo, nanyi shikeni hili: anayekujaribu kila siku bila kukuajiri, mjaribu na wewe.