Mize na Nongo Zake

Paukwa!

Pakawa!

Siwasikii. Mnaitikia kama mna wali mdomoni. Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Sogeeni. Na wewe Makame, acha kuivuta ngozi ya mkono wangu. Najua inavutika, najua hairudi upesi. Ngano ya leo ni ya ngozi, tena ina zimwi, kwa hiyo mwoga aingie ndani sasa hivi, asije akanililia katikati.

Hakuna? Haya.

Palikuwa na mji mmoja wa wakulima wa mpunga, na katika mji ule aliishi mwanamke jina lake Mize. Alikuwa mzuri, na mwenyewe alijua. Mumewe aliitwa Vuai, mtu mpole asiyependa maneno mengi. Mama yake Vuai aliitwa Bi Rehani, mkunga, na nusu ya watu wa mji ule walipokewa na mikono yake.

Mize alikuwa na hofu moja. Alimuuguza mama yake mzazi mpaka akafa. Alimwogesha kila siku, akauona mwili ukinywea, meno yakiisha, mfupa ukivunjika kwa kuinuliwa tu kitandani. Hakusahau. Kufa hakukumtisha, ila kuzeeka kulimnyima usingizi.

Sasa, nje ya mji, ng'ambo ya mashamba, palikuwa na nyumba ya mwanamke aliyeitwa Bi Laini. Kazi yake kusinga wanawake. Mnajua kusinga? Unachukua liwa, karafuu na maua makavu, unatwanga, unachanganya na maji ya waridi, unampaka mtu, kisha unasugua mpaka nongo zitoke na ngozi ing'ae. Bi Laini alisinga kuliko wote. Tena hakutaka pesa.

"Nongo zako zitanitosha," aliwaambia.

Wanawake walicheka. Nani anataka uchafu wa mtu? Wakamwachia.

Mimi najua alizifanyia nini. Mize hakujua.

Basi siku moja Mize akaenda, akasema, "Bi Laini, mimi sitaki kung'aa kwa Idi moja tu. Nataka nibaki hivi. Nongo zisitoke tena, mwili wangu usichakae."

"Hilo linawezekana, shoga yangu. Lakini lazima usingwe mara tatu."

Akamlaza mkekani, akamsinga huku akiimba:

*Singa, singa, nikusinge,*
*uzee usikuone,*
*singa, singa, nikusinge.*

Siku ya kwanza madoa yakaondoka. Siku ya pili mistari ya shingo ikaondoka. Siku ya tatu Bi Laini akapitisha mkono tumboni mwa Mize. Akanusa. Akatabasamu.

"Unataka ubaki hivihivi ulivyo?"

"Nibaki hivihivi."

"Na vyote ulivyo navyo?"

"Na vyote nilivyo navyo."

Jamani! Asubuhi ile Mize alikuwa ametapika uji. Yeye alidhani ni uji.

Basi Mize akarudi kwake, akaoga, akajisugua kwa dodoki. Hakutoka hata punje ya nongo. Akafurahi. Akapaka hina kwenye kucha, na hina ile ikakaa vilevile, maana kucha haikusogea mbele. Akafurahi. Wenzake wakamwonea wivu, na hapo ndipo alipofurahi zaidi, msinifiche, hata nyinyi mngefurahi.

Msimu wa mavuno ukaja. Mize akajikata kidole kwa kisu. Damu ikatoka kidogo, ikakoma, lakini jeraha halikufunga. Wiki ikapita, mwezi ukapita, kidole kiko wazi kama kimekatwa muda uleule.

Na tumboni kitu kikacheza.

Vuai alifurahi mpaka akaongea. Wanawake wengine walioshika mimba msimu ule matumbo yao yakakua. La Mize halikukua. Wenzake wakajifungua. Mize hakujifungua. Watoto wa wenzake wakatambaa, wakaenda chuoni kusoma Kurani, wakabaleghe, wakaoa na kuolewa. Vuai akaota mvi, mgongo ukaanza kumuuma. Mize alikuwa vilevile, na wageni wakipita walimuuliza Vuai, "Huyu binti yako hujamtafutia mume?"

Mara ya kwanza Mize alicheka. Baadaye alikuwa akiingia ndani.

Na kila baada ya miaka kadhaa, Ijumaa mchana, jua likiwa utosini na watu wamelala, Bi Laini alikuja kumtazama. Alikuja na kanga yake mabegani, hata joto liwe kali namna gani, kanga ile haikushuka. Alimwekea Mize mkono tumboni, akamuuliza:

"Anacheza?"

"Anacheza sana."

Akaenda zake. Miaka ikapita, akaja tena.

"Anacheza?"

"Kidogo."

Akaenda zake, akiimba. Miaka mingine ikapita, akaja. Safari hii hata hodi hakupiga.

"Anacheza?"

Mize akayaona macho yake. Yalikuwa macho ya paka aliyekaa mbele ya mtu anayekula samaki. Akaogopa, akasema uongo.

"Anacheza sana."

Bi Laini alipoondoka tu, Mize akakimbia kwa mkwewe. Bi Rehani wakati huo alikuwa mzee kabisa, haoni vizuri, lakini mikono yake ilikuwa ileile. Akalishika tumbo lile, akaligusa huku na huku, akaliwekea sikio mpaka Mize akaanza kulia.

"Yu hai, mwanangu. Lakini hakui, na sasa amechoka. Ulimwambia nini yule mwanamke?"

Mize akamweleza yote. Nibaki hivihivi. Na vyote nilivyo navyo.

"Nongo uliziona uchafu," Bi Rehani akasema. "Ile ni ngozi iliyomaliza kazi, inatoka ili mpya ije. Mwili ni kama nyumba ya udongo, kila siku unabomoka kidogo na kila siku unakandikwa. Ukizeeka, mkandikaji anachoka, ndiyo maana mimi niko hivi. Lakini wewe mkandikaji umemfukuza. Kidonda kinafunga kwa kazi yake, nywele inarefuka kwa kazi yake, na mtoto anakua kwa kazi hiyohiyo. Umemfungia njia mwanao."

"Na yule anataka nini, mama?"

"Mimi nilimwona nikiwa mwali, Mize. Alikuwa hivyohivyo alivyo leo. Yule ni zimwi. Anajibandika nongo za watu mwilini ndipo anaishi. Na mtoto wako akinyamaza humo tumboni, atakuja kumchukua. Ngozi isiyoguswa na hewa! Ataishi nayo mpaka wajukuu wa wajukuu wetu wasahaulike."

Mize akataka kwenda kuamsha wanaume wa mji. Bi Rehani akamshika.

"Rungu haliingii pale, atabadilisha ngozi tu. Mvue. Umeona havui kanga? Anajibandika mwili mzima, ila mgongoni mikono yake haifiki vizuri. Pale ngozi zinachubuka, zinamwasha. Nenda kamsinge mgongo. Atakuita kwa sauti za watu unaowapenda. Usiache kusugua."

Basi Mize akachukua dodoki, akachukua singo, ule mchanganyiko wa liwa na karafuu, akapita mashambani jua likiwa utosini. Hapakuwa na mtu. Hata ndege walikuwa wamenyamaza. Tumboni mtoto aligusa mara moja, taratibu, kisha akatulia.

"Hodi!"

"Karibu, shoga yangu." Bi Laini akafungua upesi. Akatazama tumbo. "Amenyamaza?"

Mize akainamisha kichwa. Zimwi likadhani ndiyo. Likalamba midomo.

"Lala mkekani basi, nikusinge mara ya mwisho."

"Nitalala," Mize akasema, na sauti yake haikutetemeka, sijui aliipata wapi. "Lakini miaka yote hii unatusinga sisi, Bi Laini. Wewe nani anakusinga? Mgongo wako nani anaufikia?"

Zimwi likasimama. Bega likatikisika lenyewe chini ya kanga. Watoto, mmewahi kuwashwa mgongoni mahali ambapo mkono haufiki? Basi mtu awashwe pale kwa miaka mia tatu.

"Mgongo tu," likasema.

"Mgongo tu."

Likalala kifudifudi, likashusha kanga. Mgongo ule ulikuwa matabaka kwa matabaka, meupe, meusi, ya maji ya kunde, yamekunjamana pembeni kama karatasi iliyoloa. Akapaka singo. Akasugua.

*Singa, singa, nikusinge.*

"Aah," zimwi likaguna. "Hapohapo."

Tabaka la kwanza likatoka, likaanguka mkekani. La pili likatoka. Zimwi lilikuwa limefumba macho kwa raha, mate yanalitoka. La tatu lilipotoka, begani pakaota manyoya, na kucha zikarefuka zikatoboa mkeka.

"Basi, inatosha," likasema.

"Bado kidogo, Bi Laini. Huku chini kumeshikana."

Akasugua. Zimwi likataka kuinuka, lakini pale lilipovuliwa palikuwa hapana nguvu, mikono ikalegea. Likajua. Likaita kwa sauti ya Vuai:

"Mke wangu, rudi nyumbani. Mimi mtoto simtaki tena, nakutaka wewe ulivyo."

Mize akasugua.

Likaita kwa sauti ya marehemu mama yake: "Mize, mwanangu, taratibu, mkono wako unaniumiza."

Hapo machozi yakamtoka. Aliyasema hayohayo mama yake, siku za kuogeshwa. Mkono ukapunguza mwendo. Kucha za zimwi zikamshika kifundo cha mguu, zikaanza kukaza.

"Samahani, mama," akasema, akasugua.

Basi likaita kwa kisauti chembamba, chembamba kabisa: "Mama, niache nilale. Humu ndani pananitosha."

Mize akasimamisha mkono. Kucha zikapanda mpaka gotini.

Kisha akasema, "Mwanangu hajui kusema. Mwanangu hajazaliwa." Akashika dodoki kwa mikono miwili.

"Ngoja!" zimwi likapiga kelele, na sasa ilikuwa sauti yake yenyewe, kavu. "Tabaka hilo ni lako! Ukilitoa, miaka yote uliyoikwepa itakurudia kwa mkupuo mmoja. Utatoka hapa na mvi. Utatoka na magoti mabovu. Utakuwa kama mama yako!"

Mize akautazama mkono wake, laini, mzuri, na hina ileile ya ujana. Siwezi kuwadanganya, aliutazama kwa uchungu. Aliupenda mkono ule. Halafu akabonyeza, akasugua, likatoka.

Zimwi likanywea. Likawa dogo kama kuku, likawa dogo kama panya, likawa unga, na upepo wa mlangoni ukaupeleka.

Kidole cha Mize kikafunga, kikaacha kovu. Kucha zikarefuka, hina ikasogea mpaka ncha, ikaisha. Nywele za mbele zikawa nyeupe. Macho yakapungua nuru. Magoti yakamuuma, yote mawili. Akatoka nje, na kila hatua tumbo likakua. Alipofika katikati ya mashamba akashindwa kwenda, akakaa juu ya tuta, akapiga ukelele.

Bi Rehani alikuwa njiani, anapapasa kwa fimbo, anaufuata ukelele. Vuai yuko nyuma yake anapumua kwa shida.

"Sukuma, mwanangu!"

"Siwezi, mama. Mwili wangu umezeeka."

"Wangu umezeeka zaidi, na niko hapa. Sukuma!"

Akasukuma. Akasukuma tena. Mara ya tatu mtoto akatoka, hakulia. Bi Rehani akampangusa mdomo, akamsugua mgongo. Hakulia. Vuai akapiga magoti kwenye matope. Mize akanyoosha mkono wake wenye mikunjo, akamshika mtoto mguu, akamwita, "Mwanangu, njoo basi."

Akalia! Akalia mpaka wale waliolala mchana mji mzima wakaamka.

Alikuwa msichana. Alikua vizuri, alinyonya kama anayedai deni, akatambaa upesi. Na siku alipoota jino la kwanza, la Mize moja la mbele liling'oka kwenye muhindi wa kuchoma. Vuai akawatazama wote wawili, mama na mwana, kila mmoja na pengo lake, akacheka mpaka akakohoa. Mize alitaka kukasirika. Akashindwa, akacheka naye, mdomo wazi, bila kuuziba kwa mkono.

Hadithi yangu imeishia hapo. Anayeipenda aondoke nayo, asiyeipenda aniachie, nitalala nayo mwenyewe.

Na funzo lake, kwa wale waliokuwa wanasinzia: mwili unaokua ndio huohuo unaozeeka, ukiufunga mlango mmoja umefunga yote. Utunzeni. Kuleni mboga, laleni mapema, msikae kutwa mmejikunyata. Utadumu zaidi, na ukichakaa uacheni uchakae.

Haya, mkaoge. Na nongo zitoke.