Dari ya Mzee Shekalaghe

Mwanahawa, fundi cherehani, alipanga chumba chenye giza kiasi kwamba sindano ikimdondoka saa sita mchana, aliitafuta kwa kupapasa. Akamwomba mwenye nyumba, Mzee Shekalaghe, ruhusa ya kutoboa dari na kuweka bati la plastiki linalopitisha mwanga.

"Chumba kina mwanga wa kutosha," alisema mzee, ambaye hakuwahi kukaa humo hata dakika moja. "Dari yangu haiguswi."

"Sawa, baba. Basi niandikie tu kwamba vyote vilivyo juu ya dari ni vyangu."

Mzee akasita. "Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu, baba. Wewe andika tu."

Mzee Shekalaghe hakuzaliwa jana, kwa hiyo hakuandika. Kesho yake alikuja na fundi, dari yote ikabomolewa. Akapanda ngazi mwenyewe, akachungulia kati ya kenchi, zile mbao zinazobeba paa, asione hata kidole chake.

"Giza gani hili?" akafoka. "Fundi, ng'oa bati hapo juu tupate mwanga."

Bati lililoliwa na kutu likatoka vipande vipande. Jua likaingia, likamwonyesha mzee utajiri wote: mavi ya popo na kiota cha panya.

"Si nilikwambia, baba?" alisema Mwanahawa kwa upole. "Sasa mvua ikinyesha?"

Mzee, vumbi limemjaa hadi kwenye kope, akamwambia azibe kwa chochote alichonacho.

Mwanahawa akainama, akavuta uvunguni bati la plastiki. Lilikuwa limeshakatwa kwa kipimo.